Nimeliegesha Mahali Tambarare

…na ndiyo sababu sikukujibu pale mezani, Muhonja, uliposema gari la baba liachwe lilivyo, ukasukuma sahani, ukaenda kupanga nguo zako. Si kwamba sikuwa na jibu. Jibu lilinijaa mdomoni, lakini lilikuwa refu, na ugali ulikuwa unapoa, na Njuguna wangu alikuwa ameinamia samaki wake akichambua mifupa kama mtu anayetafuta pete iliyopotea. Mimi siwezi kusema jambo refu mbele ya watu wawili wanaokwepana macho. Kwa hiyo nakuandikia.

Sitakuandikia habari za sweta, wala za kuchemsha maji, wala za watu wa kuaminika na wasioaminika. Hayo nimeyasema mwezi mzima mpaka umeanza kunijibu kabla sijamaliza. Nataka kukwambia juu ya gari, kwa sababu kesho asubuhi utaliendesha peke yako kutoka hapa Muthangari hadi kwenye hiyo shule unayokwenda kufundisha karibu na Kitale, na mimi naogopa. Kitu ninachokiogopa ni kimoja, na nitakitaja wazi: naogopa likuzimikie mahali tambarare, mahali pasipo na mtu wa kusukuma, na lisiwake tena.

Wiki hii yote nimekuwa nikiipita barabara hiyo kichwani, nikitafuta vilima. Limuru kushuka bondeni sina wasiwasi. Pale hata jiwe litafika chini lenyewe. Lakini kuanzia Naivasha naona uwanda tu. Ofisini mikono yangu inapiga taipu barua za watu huku akili iko Gilgil inatafuta mteremko. Nikifika Timboroa naona ukungu, na wewe umesimama kando ya barabara na lile sweta jembamba (tazama, nimelitaja). Nikivuka Eldoret nakata tamaa kabisa. Ngano, ngano, ngano, na ardhi imelala kama meza. Nakuona umezima gari ununue mahindi ya kuchoma, umerudi, umegeuza ufunguo, na gari limesema neno lake lile moja.

Tik.

Unaujua mlio huo kuliko wimbo wowote niliokuimbia. Na unajua la kufanya ukiusikia: achia breki, liache gari lishuke, gia ya pili, achia klachi. Nilikufundisha mimi, zile Jumapili za Karen, kwenye barabara zenye miti pande zote mbili, tukirudi na majani kwenye kioo. Ulikuwa mwanafunzi mwepesi sana! Nilijivuna. Sasa naona kwamba nilikufundisha vibaya. Nilikufundisha kuishi na ugonjwa kabla ya kukufundisha kuuuliza unatoka wapi.

Hebu fikiria jinsi nilivyoishi katika mji huu. Watu wengine wanaijua Nairobi kwa maduka na ofisi. Mimi niliijua kwa miinamo. Ibada Lavington, lazima nifike kabla ya kila mtu nipate nafasi pale juu ya kilima. Nyama, Westlands, kwa yule muuzaji ghali, kwa sababu duka lake liko penye mteremko na la yule mwema liko penye usawa. Kazini niliegesha Valley Road, juu kabisa, nikatembea hadi katikati ya mji na viatu vya ofisi mkononi, na jioni nikapanda tena. Miaka! Wenzangu walidhani nafanya mazoezi ya mwili.

Na ile Jumapili nilipochelewa kanisani, unaikumbuka? Sehemu ya kilimani ilikuwa imejaa, nikaegesha chini na kuacha injini ikinguruma ibada nzima. Mchungaji akavumilia, akavumilia, mwishowe akafunga Biblia kidole kikiwa ndani akasema, "Nasikia leo tuna mhubiri mwingine pale nje, na yeye hapumziki." Kanisa zima likacheka. Wewe uliteleza chini ya benchi. Mimi nilicheka pamoja nao, lakini masikio yangu yalikuwa nje, yakisikiliza kama bado linanguruma.

Siku nyingine haikuwa ya kucheka. Siku ya wazazi, ulipokuwa kidato cha kwanza. Uwanja wa shule yenu ulikuwa sawa kama trei, kwa hiyo niliacha gari mbali, juu ya barabara kuu, nikaja kwa miguu kwenye mvua na kikapu cha chapati kichwani. Nilifika wazazi wengine wamekwisha kula na watoto wao na wanaagana. Wewe ulikuwa umekaa peke yako kwenye ngazi. Chapati zilikuwa zimelowa. Ulizila zote. Baadaye sana uliniambia ulidhani nililificha gari kwa sababu nalionea haya, bovu vile kati ya magari yanayong'aa. Hapana, mama yangu. Sijawahi kulionea haya. Nililiogopa tu, na wewe ndiwe uliyekaa kwenye ngazi ukiulipia woga wangu.

Sasa nikwambie jambo ambalo hulijui.

Mwaka juzi ulikuja na rafiki yako kutoka chuo cha ualimu, nikawasikia kutoka jikoni. Yeye alikuuliza kwa nini gari letu limesimama kwa pua chini namna ile, na wewe ukamjibu kwa sauti ya kujivunia, "Baba yangu alikuwa akiliegesha hivyo siku zote. Alisema gari la mwanamume mwenye akili huwa tayari kwenda." Nilisimama na mwiko mkononi. Ilikuwa picha nzuri sana. Sikutaka kuigusa. Lakini baba yako, Muhonja, hakuwahi kuhitaji mteremko hata siku moja. Alilinunua gari hili muda mfupi baada ya uhuru, kwa yule Mzungu mpima ardhi aliyekuwa mwajiri wake, Mzungu alipokuwa akirudi kwao. Lilikuwa la kijivu wakati ule, nasi tukaliita Njiwa. Kila asubuhi alilitoa pale nyuma ya nyumba, karibu na jiko, mahali palipo sawa. Aligeuza ufunguo, likaitika. Mimi nilikuwa ndani nakukorogea uji na sikuwahi hata kufikiri kwamba kuitika ni kitu ambacho gari linaweza kukataa.

Mteremko haukuwa wa baba yako. Ulikuwa wangu, na ulianza baada yake. Na unakumbuka ulianza lini? Ulianza na ile rangi.

Ulikuwa umemaliza darasa la saba. Njiwa alikuwa amekaa chini ya turubai tangu mazishi, na mimi sikuweza kulitazama lile turubai bila kuliona umbo la mtu. Ukasema, "Mama, tulipake rangi, liwe kama jipya, baba akiliona alipo afurahi." Tulikuwa tumebakiwa na rangi ya lango. Kijani! Tulipaka gari kwa brashi ya lango na rangi ya lango, mimi na wewe, Desemba yote, na majirani wakaja kutazama. Na kwa sababu wewe ni wewe, hukuridhika na nje. Ukasema ndani ya boneti nako kupakwe. Kulikuwa na mkanda wa shaba, umesukwa kama nywele za msichana, umefungwa kwa bolti kutoka kwenye injini hadi kwenye bodi. "Huu unatuharibia kona," ukasema. Tukaufungua. Tukapaka pale chini yake vizuri sana, tabaka juu ya tabaka. Tukangoja ikauke. Tukaurudisha juu ya rangi, tukakaza, tukanywa chai tukijipongeza.

Ukumbuke mkanda huo. Nitaurudia.

Baada ya hapo gari likaanza kusitasita. Kwanza asubuhi za baridi, halafu mara kwa mara, halafu ndiyo ikawa tik. Fundi mmoja akasema betri. Mwingine akasema stata. Wa tatu akasema ni uzee tu, hata yeye mwenyewe asubuhi haamki upesi. Nikachoka kuuliza. Nikagundua kilima. Na kilima ni kitu kitamu sana, mwanangu, kwa mtu aliyechoka, kwa sababu hakikuulizi chochote.

Halafu kukawa na ile siku ya mvua nilipokutana na Njuguna, Government Road. Najua hupendi kuisikia hadithi hii. Niruhusu mara moja tu, mimi ni bibi harusi, bado sijamaliza hata mwezi! Naandika neno hilo na mkono unatabasamu wenyewe.

Mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi, nikaona siwezi kutembea kutoka Valley Road, nikasema leo nitajaribu bahati, nikaegesha karibu na ofisi. Jioni nikageuza ufunguo. Tik. Nikageuza tena. Tik. Kando ya barabara kulikuwa na shimo la nyaya za simu limewekewa vizuizi, na kutoka ndani ya shimo hilo kikatokea kichwa cha mwanamume mwenye kofia ya kazi na tope kwenye shavu.

"Mama, hiyo ni betri," kichwa kikasema.

"Nimekuuliza?"

"Wewe hapana. Gari imeniuliza. Imesema tik."

"Kwani wewe ni fundi wa magari?"

"Mimi ni fundi wa simu. Lakini stima ni stima."

"Basi rudi kwenye shimo lako."

Badala ya kurudi akapanda juu, akaita wenzake, wakasukuma wakiimba mpaka njia panda. Gari lilipowaka alikimbia kando ya dirisha akipiga kelele, "Usizime! Kesho naleta betri! Nitapata wapi ofisi yako?" Na mimi, mama mzima, mjane mwenye binti chuoni, nikamwelekeza.

Alileta betri. Haikuwa betri. Akasema basi ni stata, akaja Jumamosi akaitoa, akaifungua juu ya magazeti kwenye meza yetu ya kulia, akaisafisha kipande kwa kipande akinieleza kila kimoja kwa kujigamba kana kwamba amekiunda yeye. Gari likawaka kwa wiki nzima. Halafu tik. Haikuwa stata. Akarudi akasema ni swichi. Haikuwa swichi. Kila alipokosea alirudi, na kila aliporudi alikuwa ameoga zaidi. Mungu anisamehe, Muhonja, ilifika mahali nikawa naomba akosee tena. Nilikuwa nasikia filimbi yake pale langoni na kifua changu kinaruka kama cha msichana wa kidato cha pili. Bado kinaruka. Jana alirudi kutoka kazini na andazi moja ndani ya karatasi, amelibeba safari nzima ya basi bila kuliuma kwa sababu mimi nalipenda lenye iliki, na nililia nikilila.

Nakwambia haya si ili umpende. Sikuombi umwite baba. Mwite Mzee kama unavyomwita, anaitika. Nataka tu ujue alianza kuinama ndani ya boneti ile kwa ajili ya nani. Siku uliporudi kutoka chuoni ukamkuta kichwa ndani ya injini, ukasema kutoka langoni, hata salamu hujatoa, "Tafadhali toa mikono kwenye gari la baba yangu," alitoa mikono. Alijifuta, akafunga boneti polepole, akaniambia jikoni, "Gari ni yake. Akisema nisiguse, sigusi." Na hajagusa. Tangu siku hiyo analizunguka gari kama watu wanavyozunguka kaburi.

Nilidhani mambo yataishia hapo, na wewe utaenda na mteremko wako. Lakini Jumatatu asubuhi lori la mchanga la jirani lilikuwa limesimama mbele yangu, likaziba njia ya kushukia. Ilinibidi nitumie stata. Nikageuza ufunguo nikaushikilia, nikabembeleza, huku nikivuta kile kishikio cha choki cha kuwashia injini baridi kwa mkono mwingine, na ghafla vidole vyangu vikaungua. Kweli kuungua, kama nimeshika sufuria. Uliona kitambaa mkononi ukauliza, nikasema ni jiko, kwa sababu ulikuwa umeshika mswaki na hukuwa na sura ya kusikia habari za gari.

Nilimwambia Njuguna. Alikuwa ananyoa ndevu. Akageuka na povu nusu ya uso.

"Choki ina moto?"

"Imeniunguza."

"Choki ni waya ya kuvuta tu! Haina kazi na stima! Unajua maana yake?" Akaanza kuzunguka chumbani na wembe. "Stima haiendi tu, Mama Muhonja. Lazima irudi. Inatoka betri, inapita stata, halafu irudi betri. Sisi wote tumeangalia vile inaenda. Mimi, wale mafundi, wote. Hakuna mtu ameangalia vile inarudi! Imefungiwa njia ya kurudi, sasa inajipenyeza kwa choki, maskini, kawaya kembamba, ndiyo maana inaungua!"

Akatoka mbio na fulana, povu na yote, mpaka hatua moja kutoka kwenye gari. Hapo akasimama. Akaweka mikono nyuma ya mgongo. Akanitazama kwa huzuni kubwa kabisa.

"Nimekatazwa," akasema.

Basi tangu Jumatatu nimekuwa na jambo hili kifuani, na leo Jumamosi, ulipokwenda mjini kumuaga shangazi yako, nikaamua kwamba yeye amekatazwa, mimi sijakatazwa. Nikavua viatu vya kazi, nikavaa leso, nikafungua boneti. Yeye alichukua ndoo, akaipindua pale kwenye kamba ya nguo, mbali, akakaa. Na akakalia mikono yake, Muhonja. Aliiweka chini ya mapaja akaikalia, isije ikamponyoka.

"Kwanza chukua ile waya nene yenye meno," akaanza. "Meno moja bana kwa betri, ule upande unaenda kwa bodi. Ingine bana kwa chuma ya injini yenyewe. Si hapo, hapo ni mpira! Chuma!"

"Usinipigie kelele."

"Sipigi kelele, niko mbali. Sasa ingia, geuza."

Niligeuza. Liliunguruma mara moja. Si tik, si kile kilio cha kubembelezwa. Mara moja, kwa nguvu, mpaka kuku wa jirani wakaruka ua. Nilikuwa nimeishika sketi yangu kwa mkono mmoja na usukani kwa mwingine, na nikalia. Kwa maana waya ule wa kuazima ulikuwa umeipa stima njia ya kurudi, na hakuna kingine tulichobadilisha. Betri ni ile ile, stata ni ile ile.

"Zima! Toa hiyo waya!" Njuguna alikuwa anaruka juu ya ndoo bila kuinuka. "Sasa fungua ile ya ardhi. Ule mkanda. Lakini toa waya ya betri kwanza, usiungue mara ya pili. Spana hiyo si yake. Hapana. Hapana, mpenzi, hiyo ni ya kufungulia soda."

"Wewe uliyenunua betri nzima bure, nyamaza kidogo."

"Si bure. Nilipata bibi."

Nikafungua bolti. Mkanda ukatoka, na chini yake, Muhonja, ikawa ni sisi. Kijani cha lango, kinang'aa, safi kabisa, tabaka juu ya tabaka, bila alama hata moja ya brashi. Hakuna fundi yeyote aliyewahi kufikiri kwamba mtu atapaka rangi pale. Ni sisi tu tungeweza kufanya kosa hilo, mimi na wewe, kwa jinsi tulivyompenda baba yako. Nilikaa chini kwenye nyasi nikacheka mpaka Njuguna akaogopa.

Halafu nikachukua msasa. Nilisugua kijani polepole, kwa sababu nilijua chini yake nitakutana na kijivu, ile rangi ya baba yako, na sikujua kama nitaweza kuisugua. Lakini chini ya mkanda hapakuwa na kijivu. Nilipofika mwisho wa kijani nilikutana na chuma kitupu. Wakati wake paliachwa wazi. Kijivu kiliishia pembeni, kama ukingo wa sahani. Kwa hiyo nilisugua mpaka chuma kikang'aa, na nilipofika kwenye kijivu nikaacha. Ukifungua boneti kesho utaliona duara: chuma katikati, halafu kijivu chake, halafu kijani chetu. Nikakaza bolti kwa nguvu zangu zote, nikapaka grisi, nikarudisha waya wa betri. Kisha nikageuza ufunguo bila waya wa kuazima, bila kilima, bila mtu.

Likaitika. Kama baba yako alipokuwa akiliwasha, mimi nikiwa ndani nakukorogea uji.

Nimeliwasha na kulizima mchana wote kabla hujarudi mpaka Njuguna ameniomba nilihurumie. Na bado naogopa. Je, asubuhi kukiwa na baridi? Je, huko Timboroa? Je, kama bolti niliikaza vibaya, mimi mpiga taipu? Nimekwisha kwenda kuijaribu kwa vidole mara nyingi kuliko nitakavyokiri. Kwa hiyo nikupe nilicho nacho, na hiki ni bora kuliko kilima. Ukisikia tik barabarani, usianze kutafuta mteremko. Washa taa kubwa, simama uzione, kisha mtu ageuze ufunguo, au geuza mwenyewe ukiangalia mwanga wake mbele ya gari. Taa zikififia mpaka kuzima, shida iko kwenye betri au vichwa vyake. Taa zikibaki na nguvu na stata imenyamaza, fungua boneti uguse ule mkanda, uguse na choki, taratibu. Penye joto ndipo njia ilipobana. Chini ya kiti chako kuna kopo la maziwa lenye spana, kipande cha msasa, na ule waya wenye meno. Waya ni wa Njuguna. Aliniuliza kama kuuweka ndani ya kopo ni kugusa gari. Nikamwambia kopo ni langu.

Amri yako haikuvunjwa. Hakugusa hata nati moja.

Ulipokuwa chumbani ukipanga vitabu baada ya chakula, uliita, "Nani huyo kwenye gari la baba?" nami nikajibu, "Ni mimi, nalisogeza." Ulidhani nalisogeza karibu zaidi na lango, pua chini, tayari kwa kushuka. Hapana. Nimelirudisha nyuma ya nyumba, pale karibu na jiko, mahali palipo sawa, pua imeelekea ukuta. Haliwezi kushuka kokote. Nimeliweka pale alipoliweka baba yako. Barua hii utaikuta kwenye kiti cha dereva, na ufunguo juu yake.

Usikasirike kabla hujageuza. Ukikasirika baada ya hapo, sawa, nitakuwa dirishani, nitakuona. Nami nitakuwa nimeshika ukingo wa sinki kwa mikono yote miwili. Kama likinyamaza, gonga dirisha tu. Sote wawili tutakuwa macho tumevaa viatu, na Njuguna ameuliza kama kusukuma ni kugusa. Nimemwambia asubuhi akuulize wewe mwenyewe.

Na likiitika, usilizime, usishuke kunikumbatia tena, tumekwisha kukumbatiana vya kutosha na mimi nikianza sitaacha. Nenda tu. Kabla mwezi haujaisha tutakuja kukuona, mimi na yeye, kwa basi la asubuhi, na kikapu cha chapati ambazo safari hii hazitalowa. Njoo utupokee stendi na gari la baba. Na ukifika kabla yetu, zima injini, uliegeshe popote utakapopata nafasi.

Mama yako